Daktari Aliyekuja kwa Meli

Mtu akishuka kwenye pantoni la Kigamboni asubuhi, akalipita soko la samaki la Feri wakati mnada wa kibua na jodari umepamba moto, kisha akaipita Ikulu na kushika barabara ya ufukweni, haendi mbali kabla ya kufika kwenye jengo jeupe lenye matao na varanda pana za kupokea upepo wa bahari. Barabara hiyo kwa miaka mingi iliitwa Ocean Road. Tangu 2013 ina jina la Barack Obama. Jengo lenyewe ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wanaokuja hapo wanatoka kila mkoa, wengi wamefuatana na ndugu waliobeba mifuko ya nguo, kwa kuwa tiba ya mionzi huchukua wiki kadhaa na mgonjwa hawezi kupelekwa na kurudishwa Songea kila siku.

Hospitali hiyo ilifunguliwa 1897, Wajerumani walipokuwa wameifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao. Ilikuwa ya Wazungu. Mji ukapata hospitali nyingine wakati huohuo, ya Waafrika na Wahindi, kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuipatia misafara vitambaa, shanga na kila kilichohitajika kwa safari ya bara. Kabla ya hapo Sewa Haji alikuwa amejenga shule Bagamoyo na kutaka isibague mtoto wa rangi yoyote. Alifariki mwaka huo wa 1897.

Hospitali zilikuwa mbili na wagonjwa wakatengwa kwa rangi, lakini madaktari wa pande zote walikuwa na jambo moja: hakuna hata mmoja aliyesomea hapa. Tangu 1897 hadi 1963, miaka 66, mji haukuwa na chuo cha udaktari. Kila daktari aliyeandika dawa au kushika kisu cha upasuaji alikuwa amefunzwa mahali kama Berlin, London, Bombay au Kampala, akaja na cheti chake sandukuni. Ndiyo maana historia ya udaktari Dar es Salaam ni pia historia ya swali moja la kazi: nani anasimama nyuma ya daktari aliyetoka kwingine, mpaka aaminike kuachiwa wagonjwa peke yake?

Mgeni maarufu kuliko wote alikuwa Robert Koch, yule aliyetangaza ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu 1882. Alifika Dar es Salaam 1897, akakaa hadi mwaka uliofuata akipima damu za wagonjwa wa malaria kwa darubini. Alirudi 1905, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nobel, na safari hii akaishughulikia homa ya papasi, ugonjwa uliowaangusha wapagazi na askari kwenye vituo vya misafara. Papasi hujificha kwenye nyufa na vumbi la vibanda vya kale, hutoka usiku kumuuma aliyelala, na alfajiri hawaonekani tena. Koch aliona vijidudu vya homa hiyo hata ndani ya mayai ya papasi, maana yake mama huwarithisha watoto. Upande wa Kongo, mwaka huohuo, Mwingereza Dutton na Mkanada Todd walikuwa wakifuata njia ileile; Dutton aliugua homa hiyohiyo akafia Kasongo, Februari 1905.

Wenyeji wa njia hizo walijua ubaya wa papasi muda mrefu kabla ya darubini kufika. Livingstone aliandika habari za kuumwa na wadudu hao katika kitabu chake cha 1857. Kwa hiyo hata bingwa mwenye Nobel alianza kazi yake pale maarifa ya mpagazi yalipofikia. Jambo hili lastahili kushikwa, maana litarudi tena na tena: mgeni huja na kitabu, mwenyeji anajua mahali pa kutazama.

Ulaya nayo ilitambua kwamba daktari wa Berlin au London si daktari wa pwani ya Afrika hadi afundishwe upya. Shule za magonjwa ya nchi za joto zilianzishwa Liverpool 1898, London 1899 na Hamburg 1900, na madaktari wa makoloni wakawa wanapitishwa huko kabla ya kupanda meli. Walijifunza kuitambua malaria kwenye tone la damu. Walichokikosa ni mgonjwa mwenyewe, lugha yake na nyumba aliyotoka.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Utawala wao ulipoota mizizi, idara ya tiba ya Tanganyika iliundwa kama ngazi, na kila kipandio kilikuwa na rangi yake. Juu alikaa Mganga wa Serikali, ambaye kwa masharti ya utumishi wa Afrika Mashariki ilimpasa awe na asili ya Ulaya. Chini yake walikuwepo madaktari kutoka India, ambao vyeo vyao kwenye vitabu vya serikali viliwaita wasaidizi wa madaktari wapasuaji, tena wasaidizi wa daraja la chini. Chini kabisa walikuwa Waafrika waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa, waliojulikana kama madresa. Miaka ya 1920 mkuu wa tiba, John Owen Shircore, alianzisha mpango wa kuwafundisha madresa wa kienyeji ili kila himaya ya chifu iwe na mtu wa kusafisha donda na kugawa dawa ya kuharisha.

Hao Wahindi wa daraja la chini ndio walioubeba mzigo wa matibabu katika wilaya nyingi. Walikuwa wamesoma shule za udaktari za India kwa miaka kama minne, wakapata leseni, wakavuka bahari. Huku walikuta mkataba wa mshahara mdogo na msimamizi Mzungu ambaye mara nyingi alikuwa mbali, akija kwa safari ya ukaguzi, akapitia daftari la wagonjwa na sanduku la dawa, akatia saini na kuondoka. Katikati ya ziara moja na nyingine, Mhindi yule alifanya kazi yote ya daktari bila kuitwa daktari kamili. Usimamizi wa namna hiyo ulilinda cheo cha msimamizi kuliko ulivyomlinda mgonjwa. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu neno usimamizi lilipata harufu mbaya katika nchi hii tangu siku zile.

Waliouonja usimamizi huo zaidi ni Watanganyika wa kwanza waliosomea Makerere.

Mafunzo ya udaktari Makerere yalianza miaka ya 1920, wanafunzi wakijifunza kazi katika hospitali ya Mulago. Kijana wa Tanganyika aliyehitimu huko alirudi kwa meli ya Ziwa Victoria hadi Mwanza, kisha kwa treni hadi pwani. Alikuwa amesoma miaka mingi, ameshika maiti na wagonjwa, amefaulu mitihani. Akifika kazini aliandikwa daktari msaidizi, mwenye mshahara wa chini sana kuliko wa Mzungu wa kazi ileile, na wa kusimamiwa hata akiwa na uzoefu wa miaka kumi. Baraza la udaktari la Uingereza halikuitambua stashahada ya Makerere mpaka 1957. Utarajali, yaani ule mwaka wa daktari mpya kufanya kazi akitazamwa na wakubwa, kwa Waafrika hawa ulikuwa hauna mwisho.

Si ajabu basi kwamba madaktari hawa walikuwa mbele katika siasa. Vedasto Kyaruzi, daktari wa Makerere kutoka Bukoba, alikuwa rais wa chama cha Tanganyika African Association, TAA, mwaka 1950, katibu wake akiwa Abdulwahid Sykes. Makao yao yalikuwa New Street, Kariakoo, mtaa unaoitwa Lumumba hivi leo. Pamoja naye katika harakati hizo walikuwepo madaktari wenzake wa Makerere kama Luciano Tsere, Michael Lugazia na Joseph Mutahangarwa. Serikali ilimhamisha Kyaruzi kutoka Dar es Salaam hadi Kingolwira, Morogoro, na baadaye Nzega, mbali na New Street. Uhamisho wa daktari ulikuwa jambo la kawaida la ofisi, lakini mji wote ulielewa kilichokusudiwa. Baada ya uhuru Kyaruzi aliiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa.

Mwaka 1956 mji ulipata hospitali kubwa mpya upande wa Upanga, iliyopewa jina la Binti Mfalme Margaret, ambaye alikuja mwenyewe kuifungua. Hospitali ya Sewa Haji ikafungwa na hatimaye kubomolewa. Baada ya uhuru ile mpya ikaitwa Muhimbili, na majengo yake ya wodi yakapewa majina yanayoeleza mengi, kama Sewahaji, na Kibasila, jina la jumbe wa Uzaramo aliyewapinga Wajerumani wakati wa Maji Maji. Mgonjwa wa leo anayeambiwa "umelazwa Sewahaji" analitamka jina la Mhindi wa Bagamoyo bila kujua.

Uhuru ulikuta nchi ina madaktari Waafrika 12. Mwalimu Nyerere aliikumbuka hesabu hiyo maisha yake yote na kuirudia mbele ya wageni. Waingereza wengi walifunga mizigo, madaktari na wauguzi pia. Kuziba pengo la wauguzi, Tanganyika iliomba msaada kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na wauguzi weusi 20 wakaletwa kupitia ANC, wakapokelewa Dar es Salaam na kutawanywa hospitalini. Kwa madaktari, serikali ilifanya mambo mawili kwa pamoja: ilifungua shule ya udaktari Dar es Salaam 1963, na ikawapeleka vijana kusoma popote palipokuwa na nafasi. Nafasi zilikuwepo Moscow, Cairo, Bombay, Ujerumani ya Mashariki, Bulgaria. Mmoja wa waliosomea Urusi ni Esther Mwaikambo, aliyekuwa daktari wa kwanza mwanamke Tanzania, baadaye profesa wa magonjwa ya watoto na mmoja wa waanzilishi wa chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka 1987.

Hapa ndipo utarajali wa Muhimbili ulipopata maana yake ya kweli.

Daktari aliyerudi kutoka Moscow alikuwa mtoto wa nchi hii. Alijua Kiswahili tangu kifuani kwa mama yake. Lakini udaktari wake wote aliusoma kwa Kirusi, lugha aliyojifunza mwaka wa kwanza wa maandalizi, na faili za Muhimbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Kila mgonjwa alimlazimu kuvuka mito miwili: asikie kwa Kiswahili, afikiri kwa Kirusi, aandike kwa Kiingereza. Zaidi ya hapo, vitabu alivyosoma viliiweka malaria mahali padogo, kama habari za nchi za mbali. Huku alikuta wodi ya watoto imejaa malaria, utapiamlo, surua na kuharisha, watoto wawili kitanda kimoja.

Mtu asidhani Kiswahili cha hospitali ni kitu rahisi hata kwa Mswahili. Mama wa Kariakoo anayeingia na mtoto mgongoni hasemi mtoto ana mishtuko ya ubongo kwa sababu ya homa. Anasema degedege. Na neno hilo halielezi dalili tu; katika imani za watu wengi wa pwani degedege hutokana na ndege au pepo, na lina tiba yake nyumbani kabla ya hospitali. Daktari asiyelijua hilo hataelewa kwa nini mtoto aliyeanza kutetemeka juzi analetwa leo, wala hatauliza amepewa nini huko alikotoka. Mzee anayelalamikia ngiri anaweza kuwa na maana ya uvimbe wa kinena, au maumivu ya kiuno, au upungufu wa nguvu za kiume anaoona haya kuutaja mbele ya daktari kijana. Mchango una maana ya minyoo kwa huyu, na wa kizazi kwa yule. Msichana "amevunja ungo", mama "chupa imepasuka", bibi ana "mtoto wa jicho". Mchina, Mjerumani au Mhindi akisikia maneno hayo yakifasiriwa neno kwa neno atabaki ameduwaa.

Aliyeyafungua maneno hayo masikioni mwa daktari mpya alikuwa sista wa wodi. Katika masimulizi ya hospitali zetu husifiwa mabingwa, na ni haki yao, lakini usimamizi wa saa kwa saa ulikuwa wa wauguzi na matabibu wakongwe. Bingwa alipita kwenye raundi asubuhi na kundi lake, akauliza maswali, akaenda chumba cha upasuaji. Sista alibaki. Yeye ndiye aliyesema kwa upole, "Dokta, huyu mama chupa imepasuka tangu alfajiri, na mtoto amelala vibaya." Kwa daktari mwenye akili, sentensi hiyo ilikuwa amri. Yeye pia aliona mkono wa mtarajali ukisitasita juu ya chupa ya kwinini.

Kwinini ni mfano mzuri wa kwa nini cheti peke yake hakitoshi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa malaria kali alipewa kwinini kwenye dripu. Kipimo kilitegemea uzito wake, na mara nyingi mizani ya wodi ilikuwa imeharibika, ikabidi uzito ukisiwe kwa macho. Dripu ilitakiwa iende polepole kwa saa kadhaa. Dawa hiyo hushusha sukari mwilini. Mtoto aliyekuwa ameanza kupata nafuu huzama tena kwenye usingizi mzito, na daktari mgeni hudhani malaria imepanda kichwani, kumbe anahitaji sukari. Mtu husoma jambo hilo katika mstari mmoja wa kitabu. Analijua kweli usiku ule anapoamshwa, anapomkuta sista amekwisha kuandaa glukosi, na bingwa anamuuliza asubuhi: "Ulipima sukari saa ngapi?"

Mwaka wa utarajali ulizungushwa, na bado unazungushwa, katika idara kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Sababu yake inatokana na ramani ya nchi. Uingereza ina daktari wa familia mwenye chumba chake mtaani, na hospitali iko karibu ya kupokea kesi ngumu. Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 haikuwa na kitu kama hicho nje ya miji. Mtarajali aliyemaliza mwaka wake aliweza kutumwa hospitali ya wilaya akawa daktari peke yake, Mganga Mkuu wa Wilaya, na wiki ya kwanza akakutana na uzazi uliokwama, mguu uliooza na kipindupindu. Udaktari wa jumla wa huku ulimtaka mtu aweze kumpasua mama usiku na kugombania dawa ofisini asubuhi. Aliyesomea mji mkubwa wa Ulaya, ambako kila kiungo kina bingwa wake, ndiye aliyehitaji zaidi mtu wa kumshika mkono.

Mfano wa mgeni aliyejifunza nchi hadi ikawa yake ni Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyefika upande wa Masasi mwaka 1935 kufanya kazi katika hospitali ya misheni iliyoezekwa kwa nyasi. Alikaa, akachukua uraia, na 1975 Nyerere akamteua Waziri wa Afya, kazi aliyoifanya hadi 1980.

Wachina walikuja kwa mpango mwingine. Timu yao ya kwanza ya madaktari ilifika Zanzibar 1964, na ya bara ikaanza 1968. Mkoa wa Jiangsu umekuwa ukiihudumia Zanzibar, na wa Shandong Tanzania Bara. Hawa ni mabingwa waliokomaa, hawana haja ya kufundishwa kupasua. Hata hivyo, nao hukaa chini ya utaratibu wa hospitali ya wenyeji, na bila mkalimani na muuguzi hawawezi kumuuliza mgonjwa ameanza lini kuumwa.

Wakati huohuo Kariakoo na Uhindini vilikuwa na historia yao ya zahanati za binafsi: chumba cha mbele cha nyumba ya ghorofa, benchi la mbao, kompaunda nyuma ya kidirisha akichanganya dawa ya kikohozi, na daktari anayezijua familia tatu za ukoo mmoja. Huo ndio ulikuwa udaktari wa jumla wa mjini. Mwaka 1977 sheria ya hospitali binafsi ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, na madaktari wengi wa aina hiyo wakafunga milango au kuondoka nchini. Sheria ilipolegezwa 1991, vibao vya zahanati vilichipuka tena Msimbazi, Uhuru na Swahili. Lakini kizazi kimoja cha wazee ambao kijana angekaa pembeni yao na kutazama jinsi mgonjwa anavyosikilizwa kilikuwa kimekwisha kupotea. Hasara hiyo haijalipwa hadi leo. Chuo Kikuu cha Aga Khan kinatoa ubingwa wa tiba ya familia jijini, ila wanaohitimu ni wachache mno kwa mji wa mamilioni.

Shule ya 1963 iliendelea kukua. Ilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu 1968, ikawa chuo kishiriki 1991, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ocean Road nayo ilipitia kazi ya kuzalisha wazazi baada ya uhuru, ikaanza tiba ya saratani miaka ya 1980 na kuwa taasisi inayojitegemea 1996. Lakini masanduku ya kutoka nje hayakuacha kufika, yanakuja kwa ndege tu siku hizi. Watanzania wanasomea udaktari China, India, Urusi, Cuba, Misri. Vita vya 2022 viliwatawanya waliokuwa Ukraine. Kabla ya hapo China ilifunga mipaka kwa wanafunzi wa kigeni kuanzia 2020 kwa sababu ya korona, na vijana wengi wakabaki nyumbani wakisoma udaktari kwenye simu na kompyuta kwa zaidi ya mwaka. Mtu anaweza kujifunza mengi kwa njia hiyo. Hawezi kujifunza uzito wa tumbo lililojaa maji chini ya kiganja chake, wala sauti ya kifua cha mtoto mwenye kichomi.

Sheria ya 2017 inaliweka jukumu la usajili wa madaktari mikononi mwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mhitimu wa chuo cha nje hufanya mtihani wa Baraza, hupewa usajili wa muda, hufanya utarajali wa mwaka mzima katika hospitali iliyoidhinishwa, na msimamizi wake hutia saini kwenye kitabu cha kumbukumbu kila anapofanya kazi inayotakiwa: kuzalisha, kushona, kumtoa maji mgonjwa kifuani. Wizara ya Afya ilikaa kwa miaka mingi Barabara ya Samora, mwendo wa miguu kutoka Kivukoni, na vijana wa vizazi kadhaa waliipanda ngazi ile wakiwa na vyeti vya lugha za kigeni na tafsiri zilizogongwa mihuri. Leo ofisi ziko Dodoma.

Saini zile ni jambo zito kuliko zinavyoonekana. Hospitali ya rufaa ya Dar es Salaam ina msongamano, bingwa ana raundi, kliniki, upasuaji, wanafunzi na mara nyingi kazi ya jioni mahali pengine. Mtarajali anapomfuata kwenye korido na kitabu chake, bingwa aweza kusaini kazi aliyoiona kwa macho yake au aliyosimuliwa. Tofauti ya saini hizo mbili itaonekana miezi baadaye, mahali ambapo hakuna wa kuulizwa. Mgogoro wa madaktari wa Januari 2012 ulianza na madaktari watarajali wa Muhimbili na posho zao zilizochelewa, na nchi ikaona jinsi wodi zilivyokuwa zimewaegemea vijana ambao, kwa mujibu wa karatasi, walikuwa bado wakifundishwa.

Ngazi ya rangi ya wakati wa Waingereza imevunjwa, na kazi ya kuivunja ilifanywa kwa sehemu kubwa na madaktari wenyewe, kina Kyaruzi wakiwemo. Kilichobaki ni ngazi ya ujuzi, na hiyo haipaswi kuvunjwa. Inahitaji kulipiwa. Muda wa bingwa wa kumsimamia mtarajali uandikwe kwenye ratiba yake kama kazi, si kama hisani baada ya kazi; na sista anayemfundisha daktari mpya maneno na mikono yake atambuliwe kwa cheo na malipo, kwa sababu amekuwa akiifanya kazi hiyo tangu enzi za Sewa Haji bila kuandikwa popote.

Na sista huyo pia aandike. Wauguzi na madaktari waliowapokea vijana wa kwanza kutoka Moscow na Bombay wana umri wa miaka 80 na zaidi. Wengi wametangulia. Waliobaki wanaishi Upanga, Magomeni, Kinondoni, Bukoba na Moshi, wakiwa na picha za raundi, madaftari ya zamu na majina ambayo hayamo katika kitabu chochote. Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert, si mbali na jengo lile jeupe la Ocean Road. Mwenye daftari la namna hiyo kabatini alipeleke, au amwite mjukuu mwenye simu akae naye jioni moja amrekodi.